Niliandika "Waligongana"

Ijumaa, saa moja jioni.

Mvua iliyotutishia tangu asubuhi imeishia kuwa wingu tu. Upepo kutoka ziwani umepoza nyumba, na bibi amefungua madirisha yote. Nimetulia. Nilidhani leo ningerudi nyumbani nikilia, lakini nimekula, nimeosha vyombo, na sasa nimekaa mezani naandika.

Leo nimebadilisha neno moja kwenye muhtasari wa kikao, na kwa neno hilo darasa langu limempoteza beki wake kwa fainali ya kesho.

Nieleze tangu mwanzo. Wanaosoma blogu hii ni wachache, lakini si wote walio shuleni kwetu. Majina nimeyabadilisha.

Shule yetu ina ligi ya madarasa. Mechi zinachezwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maabara, na kuna kamati ya nidhamu ya ligi. Mwenyekiti ni Mwalimu Bukuru wa michezo. Wajumbe ni kaka mkuu anayeitwa Issa, na wawakilishi wawili wa wanafunzi. Mmoja wao ni Tausi wa darasani kwetu, Kidato cha Tatu B. Mimi ni katibu. Sikuchaguliwa kwa kuwa najua mpira. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Katibu hapigi kura wala hachangii hoja, anaandika tu. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi nzuri kuliko zote: unakuwepo bila kuonekana.

Mwalimu Bukuru ana utaratibu wake. Hapendi kikao kigeuke kelele, kila mtu na mechi yake aliyoiona yeye. Kwa hiyo katibu huandika kwanza aya moja ya kilichotokea, huisoma kwa sauti, kisha kamati hutoa adhabu kwa kufuata aya hiyo. "Tunahukumu maandishi," husema, "hatuhukumu makelele."

Niliupenda sana utaratibu huo. Haikunijia hata mara moja kwamba maana yake ni kuwa ninayehukumu ni mimi.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Shabani, winga wa Kidato cha Pili A, anayetoka Kibirizi. Ni mkimya karibu kama mimi. Mwanzoni mwa ligi walicheza na darasa letu, na Shabani akamgonga mchezaji wetu mmoja kwa bega, chini ya sikio. Mchezaji wetu alilala chini kidogo, akainuka, akamaliza mechi.

Hayo nayajua kwa kusimuliwa. Siku hiyo sikuwa uwanjani, nilikuwa maktaba. Kesho yake niliwauliza wenzangu darasani, na kila mmoja akanijibu kwa nguvu zaidi ya mwenzake. "Alimvamia!" "Alitaka kumvunja shingo yule!" Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Shabani alimvamia mpinzani na kumpiga kwa bega shingoni." Nikasoma. Kamati ikamfungia mechi zote zilizobaki. Aliitwa mlangoni kuambiwa, akasema, "Sawa, mwalimu," akaondoka.

Kesi ya pili ni ya Method. Method ni wetu, 3B, beki wa kati, mrefu, anachekesha darasa zima hata wakati wa hesabu. Jumamosi iliyopita tulicheza nusu fainali na 4A. Hii niliiona kwa macho yangu, kwa kuwa hata mimi sikuweza kukaa maktaba siku ya nusu fainali. Mpira wa kona ulipigwa juu. Ezekieli wa 4A aliruka akiutazama mpira, shingo imenyooka. Method alitokea pembeni kwa mbio, bega mbele, likampata Ezekieli kwenye taya akiwa bado hewani. Alianguka kwa kisogo. Alipoinuka alianza kutembea kuelekea goli lao huku mpira ukiwa upande wa pili, hadi mwenzake akamshika mkono. Halafu akatapika. Wakampeleka hospitali kwa bodaboda, katikati ya watu wawili.

Jumatatu asubuhi Method alikuja kwenye dawati langu.

"Katibu," aliniambia, "leo uandike vizuri."

Hakunitisha. Alitabasamu tu, akagonga dawati mara mbili kwa vidole, akaenda zake. Nitasema ukweli, maana nisipousema hapa sina pengine pa kuusemea. Nimekaa darasa hilo mwaka wa tatu, na wengi huniita "wewe". Kuitwa Katibu na Method, mbele ya wengine, kulinifurahisha. Nilijiona nimepewa kiti.

Saa tisa nikaandika: "Wachezaji wawili waligongana wakiwania mpira wa juu. Mmoja aliumia."

Niliposoma, Issa alisema, "Kama waligongana, huo ni mchezo tu." Wengine wakaitikia. Method akapewa onyo la mdomo. Kikao kiliisha mapema kiasi kwamba niliwahi kurudisha kitabu maktaba.

Hakuna aliyeniambia nidanganye. Na nikiisoma sentensi ile hata sasa, siwezi kuonyesha kwa kidole uongo uko wapi.

Aliyenionyesha ni Divine, bila kujua.

Divine tulisoma naye shule ya msingi kabla familia yao haijahamia Kanada. Huko amepata mapenzi mapya, mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali chini, hukimbia kama upepo, na hugombea kisahani kigumu cheusi. Kugongana kwa bega kunaruhusiwa. Kumpiga mtu kichwani hakuruhusiwi, na ligi yao ina watu maalumu wa kuangalia picha tena na kutangaza adhabu, pamoja na maelezo ya kwa nini wameitoa. Divine huniletea video hizo nami huzitazama kwa sababu ni yeye. Mchezo wenyewe siuelewi vizuri, lakini maelezo ya hukumu huwa nayasoma mpaka mwisho. Nayapenda kama watu wengine wanavyopenda magoli.

Jumatano alinitumia video mbili na ujumbe wa sauti. Alikuwa amekasirika mpaka Kirundi cha kwao kikamtoka.

"Yewe, sikiliza! Huyu wa kwanza kampiga mwenzake bega la kichwa, wamemfungia mechi nyingi. Sawa, sina neno. Sasa tazama wa pili. Bega lilelile, kichwa kilekile! Ila huyu ni staa, sha. Onyo tu! Na unajua wameandikaje? Eti wachezaji wawili 'walikutana'. Walikutana wapi, sokoni? Mtu alikuwa anatazama chini, oya, huyo hakukutana na mtu. Huyo alikutwa!"

Nilicheka peke yangu. Nikarudia kuusikiliza ujumbe. Mara ya tatu sikucheka.

Walikutana. Waligongana.

Kwenye zoezi la vinyambuo muhula huu nilipata zote. Niliandika mwenyewe kwamba kiambishi kile cha "-an-" kinaonyesha kila mmoja ametenda na kila mmoja ametendewa. Piga, pigana. Saidia, saidiana. Mwalimu akaniwekea vema nyekundu. Bodaboda ikimkuta mbuzi barabara ya Ujiji, hakuna mtu anayesema bodaboda na mbuzi wamegongana. Tunasema mbuzi kagongwa, na tunaanza kumtafuta dereva.

Silabi moja ndogo. Niliiweka pale na Method akapotea ndani yake. Niliandika hata bila jina lake, nami jina la Shabani nilikuwa nimeliandika mwanzoni kabisa mwa sentensi.

Shabani nilimpa "alimvamia" bila kumwona. Method nilimpa "waligongana" nikiwa nimemwona.

Alhamisi nzima nilijitetea. Nilijiambia kwamba katibu si shahidi, kwamba muhtasari umeshasomwa, kwamba fainali ni keshokutwa na ni 3B dhidi ya 2A, kwa hiyo nikifungua mdomo wataona nimewauza kwa wapinzani wenyewe. Nikajiambia pia kwamba Method si mtu mbaya. Hilo bado naliamini. Lakini nilipojaribu kulala, kila nikifumba macho nilikuwa naandika aya ile upya, na kila mara Method alikuwa mwanzoni mwa sentensi.

Leo saa tisa tulikaa kwenye chumba cha michezo, kati ya mipira isiyo na upepo. Ajenda ya kwanza ya kikao chochote ni kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Nilisoma wa Jumatatu. Mwalimu Bukuru akauliza, kama anavyouliza siku zote huku akifungua kalamu ya kusaini, "Kuna marekebisho?"

Nilinyoosha mkono. Hakuna aliyeuona, kwa sababu hakuna anayemtazama katibu.

"Mwalimu," nilisema. Nadhani nilisema. Issa ndiye aliyeniokoa.

"Mwalimu, katibu ana... amenyoosha mkono."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Unataka kwenda nje?"

"Hapana, mwalimu. Nina marekebisho."

"Ya nukta," alisema Tausi, na wote wakacheka. Mimi ni maarufu kwa nukta.

"Ya kitenzi," nilisema.

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi nikijua sauti itanikimbia, na kweli ilinikimbia, kwa hiyo nilisoma. "Palipoandikwa 'waligongana', pasomeke 'Method alimgonga Ezekieli kwa bega kichwani'. Na maneno 'wakiwania mpira wa juu' yaondolewe. Ezekieli alikuwa anautazama mpira. Method alikuwa anamtazama Ezekieli. Nilikuwepo. Niliona."

"We Zuhura, una wazimu?" alisema Tausi. "Fainali si kesho?"

"Najua."

"Na wewe ni wa 3B?"

"Najua, Tausi."

Mwalimu Bukuru alifunga kalamu yake. "Kwa hiyo Jumatatu ulituandikia uongo."

Niliogopa swali hilo kuliko mengine yote, na nilikuwa nimeliandalia jibu refu. Lilitoka fupi. "Miili yao iligongana, mwalimu. Lakini aliyegonga ni mmoja."

Halafu, kabla sijaishiwa nguvu, nikasema na lile jingine. Kwamba mechi ya Shabani sikuiona. Kwamba "alimvamia" niliambiwa.

"Uliambiwa na nani?"

"Na darasa letu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Maktaba."

Issa alichomoa muhtasari wa zamani kwenye faili, akaulaza kando ya ule wa Jumatatu, akasoma aya zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, polepole. Hakuongeza neno lake. Kusikia maandishi yangu yakisomwa na mtu mwingine kulinitia aibu ambayo sijawahi kuipata. Mwandiko ulikuwa mmoja. Hata nukta zilikaa vizuri kote kuwili.

Mwalimu Bukuru alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Nilisubiri anifukuze. Badala yake alisema, "Hata mimi siku ile ya Shabani nilikuwa safarini Kasulu. Nimemfungia mtoto wa watu ligi nzima kwa kuamini karatasi." Akamgeukia Tausi. "Na yule mchezaji wenu alimaliza mechi, sivyo?"

"Alimaliza," Tausi alisema, akitazama mipira.

Walibishana kama nusu saa. Sitaandika yote. Issa alisema hatuwezi kujua kama Shabani alikusudia, na hata Method hatuwezi kuingia moyoni mwake, kwa hiyo ipimwe kwa kile macho yanachoweza kuona: bega limefika wapi, na mpigaji alikuwa anatazama nini. Mwishoni wakakubaliana: bega la shingoni au kichwani, mechi mbili, awe nani. Shabani ameshakaa nje mechi tatu, kwa hiyo yuko huru na kesho atacheza. Method anaanza adhabu yake kesho. Tausi alipinga na nikaandika kwamba amepinga. Nilihakikisha nimemwandika sawasawa.

Kisha nikarekebisha. Mwalimu hataki kufuta kwa wino mweupe. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, unaandika jipya juu yake, unasaini pembeni. Kwa hiyo "waligongana" bado linasomeka vizuri chini ya mstari, na kando yake kuna saini yangu.

Nje, Method alikuwa ameegemea tangi la maji. Tausi alikuwa ameshamfikia. Nilifikiri kupita njia ya jikoni, lakini alikuwa ameshaniona.

"Ungeniambia kwanza, Katibu," alisema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ningekuja mwenyewe kusema," aliongeza, akabeba begi lake.

Sijui kama angekuja. Najua tu kwamba sikumpa nafasi hiyo, na kwamba nilimwogopa yeye kuliko kamati. Hilo ni kosa langu jingine, na hili halina mahali pa kupigiwa mstari.

Shabani naye nilimkuta getini na wenzake wa 2A. Issa alikuwa anampa habari. Wenzake waliruka, mmoja akapiga mluzi. Shabani alinitazama mimi.

"Na zile mechi tatu?" aliuliza.

Alingoja kidogo kwa adabu, halafu akawageukia wenzake.

Nilikuwa nimeshavuka barabara nilipogundua jambo ambalo mpaka sasa linanikaa kifuani. Tumekaa kikaoni saa nzima. Tumejadili bega, macho, mechi mbili, mechi tatu, nani acheze na nani asicheze. Hakuna aliyeuliza Ezekieli anaendeleaje. Hata mimi niliyeleta marekebisho. Kwenye muhtasari wangu kuumia kwake kumeandikwa kwa maneno mawili, "Mmoja aliumia," na maneno hayo sikuyagusa.

Kwao Ezekieli ni Katubuka, njia yangu ya kila siku. Sijawahi kuingia nyumbani kwa mvulana wa shule, na nilipita mlango wao mara mbili kabla ya kubisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa shuleni? Karibu. Ila usimchoshe."

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Aliniambia daktari amemkataza Ezekieli simu, mpira na vitabu mpaka atakapomwona tena. Vitabu vyote vya kidato cha nne mama amevifungia kabatini, kwa sababu alimkuta anasoma kwa kujificha akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtihani wa taifa ni mwaka huuhuu. Mimi kukatazwa kusoma siku moja ningeona ni ugonjwa wenyewe.

Dirishani walikuwa wametundika kanga nzito kuzuia mwanga. Ezekieli alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Taya lilikuwa bado na uvimbe wa rangi ya bilinganya.

"Wewe wa 3B," alisema. "Unayeandika."

"Ndiyo."

"Fainali nani na nani?"

"3B na 2A."

"Method anacheza?"

"Hapana. Amefungiwa mechi mbili."

Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. "Mbili," alisema. Sikuweza kujua kama aliziona nyingi au chache. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika "waligongana" siku ya kwanza, na kwamba nimerekebisha leo. Alifikiri.

"Sikumbuki," alisema. "Nakumbuka kona. Halafu nakumbuka bodaboda."

Tukazungumza kidogo kuhusu mwalimu wa Kiswahili, jinsi anavyokohoa kabla ya kuuliza swali gumu. Alicheka, akafumba jicho moja kwa maumivu. Nikaona muda umetosha. Nilipoinuka, alinyanyua uso.

"Hivi fainali ni nani na nani?"

Mama yake, mlangoni, aliacha kuchagua mchele.

"3B na 2A," nilijibu, kama ndiyo kwanza nimeulizwa.

Sasa niko mezani, na sijui ni mechi ngapi zinazolingana na swali lile lililoulizwa mara mbili. Nafurahi kwamba leo wote wawili wamepewa adhabu moja. Ilikuwa lazima. Lakini hata kama tungekuwa na video na maelezo marefu kama wale wa kwa Divine, kipimo chetu chote kinahesabu siku za aliyegonga. Siku za aliyegongwa nani anazihesabu?

Kabla ya kuondoka nilimwuliza mama yake kama inaruhusiwa mtu kumsomea kwa sauti. Historia labda, maana haina michoro. Dakika kumi tu. Alinitazama, akatazama kabati, akasema, "Kesho uje, tutaona."

Kesho darasa langu litakuwa uwanjani kutwa nzima, na nadhani hakuna atakayeniwekea nafasi pembeni yake. Asubuhi nitakwenda Katubuka. Nitasoma polepole, nitasimama akichoka, na akiniuliza tena nitamjibu tena.